Jeuri Kwenye Chumba cha Mashati

Alijinusa kiganja, akajinusa kwapa, akaikunja ncha ya mtandio na kuibandika puani. Hakusikia kitu. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye aliogopa, maana pua ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na pua ikinyamaza huna njia ya kujua kama uko safi au imekufa.

Wateja walimwita Pua, na mwishowe hata ndugu zake wakafuata. Ukimwona uso hungeelewa kwa nini, kwa kuwa pua yenyewe ilikuwa ndogo, imejikalia tu kama za wengine. Lakini pua hiyo ingekwambia kama karafuu imezeekea ghalani, na kama mteja aliyeingia ametoka kugombana au ametoka usingizini. Alikuwa mchanganyaji wa manukato katika duka jembamba lenye kaunta ya kioo na chupa za kahawia zilizopanda mpaka darini. Nyuma ya ukuta wa duka hilo, kwenye kibanda ambacho lazima uingie kwa ubavu, alikaa Fundi Saa. Huyo ndiye aliyekuwa akimngoja sasa nje ya mlango, amevaa shati lililonyooshwa na mama yake mwenyewe, anakohoa kila mara kuonyesha kwamba hana haraka.

Kwa muda mrefu Pua alikuwa akihangaika na manukato ya aina moja tu. Aliyaita Jeuri. Ndani yake hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na karafuu, pilipili manga, iliki, mdalasini na kungumanga, na chini kabisa, pale ambapo wengine hutia sandali wakapumzika, yeye alitia bizari nyembamba. Watu wengi wanaijua bizari nyembamba kwenye sufuria. Kwenye ngozi yenye joto haibaki kuwa kiungo tena. Inakuwa mtu. Inakuwa shingo ya mtu aliyekuja kwako mbio.

Jeuri iliwagawa watu vibaya. Karani mmoja aliirudisha kesho yake asubuhi akisema mkewe amelala kwenye kochi. Mwalimu mmoja wa kike aliipaka, akatoka, na kabla hajafika kwenye kona akarudi kuomba chupa ya pili aiweke akiba. Bibi harusi mtarajiwa alisema inanuka mchukuzi wa mizigo. Rafiki yake aliyemsindikiza akamuuliza, mchukuzi yupi, maana wako na wako, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye duka, mama asiyefanya mzaha na biashara, alikataa kuiweka dirishani. Alimwambia Pua kwamba kutengeneza amejua, sasa amwambie inamfaa nani. Amletee mtu mmoja tu anayeivaa kama ngozi yake.  Pua mwenyewe aliipaka kila siku ili aichunguze, mpaka ikaingia kwenye nywele, kwenye mito, kwenye mshono wa nguo, na siku moja akagundua kwamba haisikii tena.

Kwa jambo hilo dukani palikuwa na mwiko. Ukikaa na harufu moja sana, pua huizoea ikaacha kukuletea habari. Hapo humuulizi rafiki wala mwenzako wa kazini. Unatoka barabarani unamuuliza mpita njia, mtu ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha duka. Pua aliujua mwiko huo kama anavyojua njia ya kwao. Siku hiyo aliuvunja.

Ilikuwa siku ya kupelekwa kwa mama. Sharti lililotoka huko lilikuwa moja, na lilitoka kwa dada mkubwa wa Fundi Saa: mgeni asije na manukato. Mama yao alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashati ya watu nyumbani kwake, na nguo safi yenye joto la pasi hunywa harufu yoyote inayopita. Zamani kidogo shati la mteja lilirudi kwake na manukato ya mgeni aliyekuja tu kusalimia. Mke wa mteja alilinusa, akafunga mizigo, akaenda kwa wazazi wake, na ilichukua vikao kumrudisha. Tangu hapo nyumbani mle haikuingia hata sabuni ya waridi.

Kwa hiyo Pua alikuwa amejisugua kwa majani ya mlimau na sabuni ya kufulia, amefua mtandio na kuuanika jana yake kwenye upepo mchana kutwa. Walipofika nusu ya njia, kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka, alisimama.

"Fundi, niambie ukweli. Nanukia?"

Fundi Saa aliangalia huku na huku, akainama, akaweka pua yake chini ya sikio la Pua, pale pale alipopazoea. Alikaa hapo zaidi ya ilivyohitajika.

"Hunukii kitu," alisema. "Unanukia wewe tu."

Neno lile lilimpoza mwili mzima. Alilifungia moyoni akatembea nalo. Angeambiwa na mteja angelipindua chini juu kulichunguza. Lakini akiambiwa na mdomo ule, mwanamke gani angelichunguza?

*

Dada mkubwa alifungua mlango akiwa na tabasamu alilolitayarisha. Tabasamu likaishia nusu. Alirudi nyuma hatua, akaweka mgongo wa mkono puani, na macho yake yakampita mgeni yakaenda kutua kwa mdogo wake.

Nyuma yake chumba kizima kilikuwa mashati. Yalining'inia kwenye kamba zilizopita ukuta hadi ukuta, meupe, ya buluu, sare za wanafunzi, makoti ya wauguzi, yote yamefungwa vifungo hadi shingoni kama watu waliokuja kikao wakakaa kimya. Pua aliyatazama yote. Kama dada huyu amesikia kitu, basi mashati nayo yalikuwa yakisikia.

"Nilikwambia nini mimi?" dada alimuuliza mdogo wake.

"Amekuja bila kitu, dada."

"Bila kitu. Nimemsikia hajafika hata mlangoni. Nilidhani kuna mtu anatwanga viungo nje."

"Mimi sisikii kitu."

Alisema kweli, na alisema kwa moyo mweupe, na hapo ndipo alipowauza wote wawili. Dada aliutoa mkono puani. Alimwangalia mdogo wake, akamwangalia Pua, akamrudia mdogo wake. Mwanamke aliyempokelea mama yake nguo chafu za mtaa mzima kwa miaka huwa anasoma ndoa za watu kwenye kola.

"Husikii," alisema taratibu.

"Sisikii, wallahi."

"Unamjua mke wa yule muuza samaki? Mtaa wote unasikia samaki kwenye mashati ya mumewe. Yeye peke yake hasikii, akishangaa watu wanakunjia nini pua. Unajua kwa nini? Kwa sababu analalia kifua hicho." Akasogea karibu. "Uliniambia mmeonana mara chache, sebuleni kwa shangazi, na shangazi yupo. Sasa niambie, hii pua yako imeizoea harufu hii tangu lini?"

 Pua alimtazama Fundi Saa, mtu wa kufungua saa ndogo kama ukucha bila mkono kutikisika, akaona vidole vyake vikitafuta mfukoni kibisibisi ambacho hakukuja nacho. Alitamani aseme chochote. Aseme ana mafua.

"Tangu mwaka jana," alisema Fundi Saa.

Dada alicheka kicheko kisicho na meno. Alisema sawa, basi amejua ameletewa mtu wa namna gani nyumbani kwa mama, na aina gani ya mdogo amelea. Alisema mengi, kwa sauti ya chini, huku akishusha mashati haraka haraka na kumpakia mdogo wake mikononi ayatoe uani kabla hayajaharibika yote. Kila alipopita karibu na Pua alibana pumzi. Hakuna tusi alilotoa lililouma kama ile pumzi iliyobanwa. Pua alisimama katikati ya chumba mikono imemganda, akiogopa kusogea, kwa sababu kila alipojitikisa alijua anamwaga kitu asichokiona.

Ndipo mama akatoka ndani.

Alikuwa mfupi, mikono mikubwa ya kazi, miwani mipya imemshuka hadi ncha ya pua, na alitazama kwa juu yake kana kwamba miwani ni ya mtu mwingine. Pua alipiga goti akamwamkia. Mama aliitikia, akamwinua, na kabla mtu hajasema kitu akamkumbatia. Akauzamisha uso wake kwenye mtandio, akavuta pumzi ndefu.

Dada alifumba macho.

"Mwanangu, umenukia vizuri," mama alisema. "Waridi, sio?"

Dada alinung'unika kwamba mama naye na heshima zake, angemsifu hata mwizi kwa mwendo mzuri. Fundi Saa alitabasamu kwa shukrani. Pua hakutabasamu.  Mtu anaweza kuichukia Jeuri, anaweza kuitapikia. Lakini mwenye pua hawezi kuizamia kiasi kile akatoka na waridi.

Mama alimshika mkono akamwambia wawaache wenye ugomvi wao, wao waende jikoni kutengeneza chai, maji ameshateleka. Walipopita meza ya pasi Pua aliona shati jeupe limekunjwa upande wa ndani, na penye mkunjo pametokeza alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi. Fundi Saa aliwahi kumwambia kwamba mama ameanza kuunguza nguo, wakampeleka kwa daktari wa macho. Pua alilitazama shati lile hata akajikwaa kwenye kizingiti cha jikoni.

Harufu ikamkuta hapo hapo. Ilimpiga kama kofi. Yai viza na kitunguu kilichooza, nzito, imejaa chumba kidogo kile hadi juu. Kwa nukta moja alifurahi, aibu iliyoje, alifurahi kwamba pua yake haijafa, ila imeziba masikio kwa Jeuri peke yake. Kisha akaona. Birika lilikuwa limefurika maji juu ya jiko, moto umezimwa na maji hayo, na gesi inatoka, inapiga mluzi mwembamba. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, mtulivu kabisa, anavuta njiti kwenye kiberiti.

"Limezima tena," alisema. "Jiko hili lina kisirani."

Pua hakukumbuka baadaye alivyovuka chumba. Aliukamata mkono ule kwa nguvu ambayo huwezi kumkamata nayo mkwe. Njiti ilianguka, kiberiti kikaanguka kikamwaga tumbo lake sakafuni. Alifunga gesi, akapiga komeo la dirisha kwa kiganja hadi likaachia, akamvuta mama kwa nguvu mpaka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Wakaanguka pamoja, wameketi, wanahema.

Mama alikuwa amekasirika. Alianza kuuliza ni adabu gani hii. Kisha akautazama uso wa Pua, akatazama jiko kupitia mlangoni, akatazama njiti zilizotapakaa. Hasira ikamtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kukitazama.

"Ilikuwa inatoka?" aliuliza.

"Chumba kizima, mama."

"Nyingi?"

"Nyingi."

Mama akaikalia ile mikono yake mikubwa. Kutoka upande wa pili wa uani zilisikika sauti za wanawe wakibishana mahali pa kufunga kamba. Mama alishusha sauti, akasimulia haraka kama mtu anayetua mzigo uliomchubua. Alipata homa mwaka jana. Homa ilipoisha, chai ikawa maji ya moto, sabuni ikawa jiwe. Alingoja pua irudi na haikurudi. Nguo ya kwanza ilipoungua alikuwa amesimama karibu nayo, anaimba.

"Wakasema ni macho," alisema. "Nikawaacha waseme. Macho yana miwani. Pua ina nini?"

"Waambie, mama."

"Niwaambie? Yule binti yangu anangoja sababu tu. Atanipeleka kwake ghorofani, nikae nimetazama ukuta wa jirani mpaka nife. Pasi ataificha. Mimi bila pasi ni nani? Kikongwe cha kuletewa uji."

Kisha akamgeukia Pua sawasawa, akaivua ile miwani isiyomsaidia.

"Sikiliza, mwanangu. Huyo dada mtu hakutaki, nimesikia yote nikiwa ndani. Na kijana wangu hajawahi kumshinda dada yake hata kwenye karata. Lakini mimi nikisema neno, limekwisha. Nitalisema leo hii. Nitawaita hapa, niseme huyu ndiye mkwe wangu, na hakuna atakayefungua mdomo. Wewe fumba wako tu."

Pua alikuwa ameshawahi kuogopa maishani. Aliogopa giza, aliogopa mtihani, muda mfupi nyuma aliogopa mashati. Hii ilikuwa hofu ya aina nyingine. Kila alichokuwa akikiomba kilikuwa kimewekwa mapajani mwake, kina joto, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kazi ambayo hata mtoto anaiweza. Alimwona Fundi Saa kesho, ameegemeza kichwa begani mwake kwenye mlango wa nyuma wa duka, wanakula kwenye sahani moja kama kawaida yao, safari hii bila kujificha. Aliuona mwaka mzima wa namna hiyo. Kisha akamwona mtu akija mbio barabarani, anamwita Fundi kwa jina la kwao, moshi unaonekana kwa mbali. Na Fundi akimlilia begani, na yeye akimpapasa mgongo, akijua.

"Na kesho nani atalifunga jiko?" aliuliza.

"Nitakuwa mwangalifu."

"Leo pia ulikuwa mwangalifu, mama."

 Mama aliubana mkono wa Pua, ukabanika kweli.

Dada alitokea pembeni ya nyumba na kapu tupu, Fundi Saa nyuma yake. Aliuliza mbona wameketi chini kama waliofiwa, na mbona dirisha wazi, vumbi liingie. Mama aliinuka. Alijifuta gauni, akajinyoosha kwa urefu wote aliokuwa nao, akamwinua na Pua bila kuuachia ule mkono.

"Afadhali mmekuja wote. Nina neno. Huyu binti mliyemleta..."

"Mama hasikii harufu," alisema Pua.

Kumkatiza mama mkwe katikati ya neno ni jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Sauti yake yenyewe aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. Akaendelea kwa sababu akinyamaza asingeweza tena. Alisema jiko lilikuwa limezima na gesi inatoka. Alisema njiti ilikuwa mkononi. Alisema mashati hayaungui kwa sababu ya macho. Ahadi aliyopewa hakuisema, wala hakuja kuisema.

Ule mkono ulimwachia kidole kimoja kimoja.

"Muongo," mama alisema. "Amekuja hapa ananuka, sasa anatafuta pa kufichia harufu yake. Mimi nasikia kila kitu."

Dada alivimba tayari kumfukuza. Ilikuwa rahisi sana kumwamini mama, na Pua aliona usoni mwake akiamini. Lakini Fundi Saa alikuwa akimtazama mama yake jinsi anavyoitazama saa inayotembea vizuri ikidanganya majira. Alisogea, akamshika bega kwa upole.

"Mama, kile chumba cha mbele kinanukia nini sasa hivi?"

Mama alitazama uso wa mwanawe. Akatazama wa bintiye. Alikuwa akiwasoma, akitafuta jibu kwenye nyuso kama mwanafunzi anayechungulia, na kila mmoja pale alimwona anachungulia.

"Waridi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Dada, aliyekuwa ametoka kuhamisha kamba baada ya kamba akikimbia pilipili na bizari, alikalia kapu lake likabonyea chini yake. Akaweka mikono kichwani.

Mama alimgeukia Pua. Hakupaza sauti.

"Toka nyumbani kwangu."

*

Fundi Saa alimfikia kwenye lango la barabarani. Alisema angenyamaza angekubaliwa, yeye anaujua uso wa mama yake anapotaka kutoa baraka, na baraka ilikuwa mdomoni. Pua alisema anajua.

"Ulijua, ukasema?"

"Nilijua."

 Pua alisubiri hasira, maana hasira angeimudu. Badala yake Fundi Saa alimshika mikono yote miwili mbele ya wapita njia, jambo ambalo hawakuwahi kulithubutu, akaibana kifuani kwake. Ndani mama alikuwa analia, kilio cha sauti nzito kisichozoea kutoka.

"Nenda kwake," Pua alimwambia.

"Na wewe?"

"Nenda, Fundi."

Alikwenda. Mlango ulifungwa nyuma yake, na ule mlio mdogo wa komeo ulimwingia Pua kuliko maneno yote ya siku ile. Hapo ndipo alipoogopa sawasawa. Alijua wanaume wanavyoingia kwenye nyumba za mama zao wakatoka watu wengine. Alibaki ameegemea nguzo ya lango, na upepo unapita, jua linapungua ukali, anahesabu makosa yake. Angeuliza mpita njia. Angeuliza mpita njia mmoja tu, asingeingia nyumba ile siku ile, wangeahirisha. Halafu akakumbuka njiti, akaacha kuhesabu.

Kilio kilikuwa kimekwisha zamani dada alipotokea barazani. Alikuwa amenawa uso. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Anakuita. Kasema uje dirishani, ndani usiingie."

Mama alikuwa amekaa nyuma ya nondo za dirisha la chumba cha mbele, kamba tupu zimepita juu ya kichwa chake. Macho yalikuwa mekundu na miwani haipo. Alimtazama Pua kwa muda, kama anayepima kitambaa asichotaka kukinunua.

"Ulichojipaka," alisema. "Nilipokukumbatia kuna kitu kilinichoma. Hapa." Alijigusa katikati ya macho. "Nikadhani machozi yanakuja. Tangu ile homa hakuna kilichogusa hapa. Ndani yake mna nini?"

"Pilipili manga, mama. Karafuu. Iliki, mdalasini, kungumanga, bizari nyembamba."

"Waridi?"

"Hamna."

"Nilifikiri wasichana wote wananukia waridi," mama alisema, na mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja. Akatoa mkono kati ya nondo. "Lete huo mtandio."

Pua aliuvua akampa. Mama aliukusanya kwa mikono yote miwili, akauzika uso wake ndani, akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Mabega yalipanda yakakaa juu. Kisha akapiga chafya iliyotikisa nondo, na machozi yakamtoka, na akauzika uso tena.

"Kinauma," alisema ndani ya kitambaa.

"Ndiyo, mama. Wengine hukirudisha."

"Mimi sirudishi."

Akajitanda mtandio shingoni. Dada, aliyekuwa mlangoni, aliuliza kwa sauti ya uchovu kwamba sasa mashati je, atayaingizaje chumba kile. Mama hakugeuka.

"Si ulikuwa unataka mtu wa kuhamia kwako ghorofani? Hamisha mashati. Nitakuwa nakuja kuyapiga pasi mchana, wewe ukae na hiyo pua yako karibu yangu."

 Fundi Saa alikuwa ameingia chumbani kutoka nyuma. Alifika usawa wa kiti cha mama yake akasimama ghafla, pua imekunjamana, macho yamemtoka.

"Mama," alisema, "unanukia."

Akamtazama Pua kupitia nondo, na Pua akaona jambo likimwingia polepole, kwamba hii ndiyo harufu aliyoapa hasikii, uso wake ukaiva. Upepo ulizunguka chumba kitupu ukatoka dirishani, na Pua naye akaisikia. Baada ya muda wote ule aliisikia Jeuri, ngeni kabisa, imetulia kwenye ngozi kavu iliyozeekea kwenye mvuke wa pasi. Bizari haikukimbia kwenda kwa mtu yeyote. Ilikuwa imekaa, imekunja nne, imefika. Alishika nondo, akamkumbuka mwenye duka na mtu wake mmoja tu.

"Sijakusamehe," mama alimwambia.

"Najua, mama."

"Na wewe usidhani nimesahau ulivyonivuta kama gunia." Alijifunika pua kwa ncha ya mtandio, akavuta, akafuta chozi. "Kesho uje mapema. Jiko sitaligusa mpaka ufike."